Wiki Tano Kwenye Kinu cha Kawempe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilifika asubuhi mapema kwenye ofisi ya vitabu iliyokuwa Kibuli, Kampala, juu ya duka la vitambaa, nimevaa sketi ya kuazima na viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi, maana mimi ni mtoto wa kambi ya polisi na kwetu kiatu kichafu kilikuwa kosa la kujibiwa. Mhariri Mkuu alinitazama juu mpaka chini. Akaniambia niende kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, nikae jikoni saa nzima, kisha nirudi kumweleza.

"Niandike mambo gani, Afande?" Nilimwita Afande kwa sababu kabla ya kuingia kwenye vitabu alikuwa karani wa polisi, na mtu wa namna hiyo hata akivua sare cheo hakimtoki.

"Hapana andika. Wewe kaa tu. Pua iko? Masikio iko? Basi, enda."

Nilikaa. Niliporudi nilimwambia, kwa Kiswahili changu safi cha shuleni, kwamba jikoni mlikuwa na harufu nzuri ya chakula. Aliweka kikombe chake chini.

"Nzuri ni harufu ya nini?"

Akanionyesha mlango kwa kidole. Nilirudi jikoni mara ya pili, wapishi wakanicheka waziwazi, na safari hiyo nilikuja na habari kwamba mafuta yalikuwa yamekaangiwa tangu juzi, kitunguu kilikuwa kimeungua upande mmoja, na sabuni ya kipande ilinuka juu ya vyote kwa sababu aliyeosha sahani alisimama karibu na jiko. Mhariri Mkuu alitoa kalamu mfukoni mwake mwenyewe akanipa. Kalamu ile niliitumia mpaka ikaisha wino, na sioni aibu kusema kwamba nililia kidogo kwenye ngazi nikishuka.

Vijana wanaponiuliza nilifanya kazi gani, nawajibu kwamba nilikuwa mtafiti wa mahali, na wao wanadhani nilipima viwanja. Sikupima kiwanja hata kimoja. Nyumba yetu ya vitabu ilichapisha riwaya za Kiswahili, na waandishi wetu waliandika habari za mahali ambapo hawakuwahi kukanyaga: mwalimu aliandika habari za wafua nguo wa hospitali, mke wa mchungaji akaandika habari za gereji. Mwandishi aliyebuni watu na matukio alikuwa bado hajui sakafu ya pale ina ubaridi gani. Mimi ndiye niliyekwenda kuikanyaga kwa niaba yake. Nikarudi na sauti, harufu, joto, ladha, na mambo yanayogusa ngozi.

Mjini walitucheka. Kampala yetu watu wengi walikijua Kiswahili kwa kusimamishwa nacho njiani na askari, kwa hiyo mgeni aliyepanda ngazi zetu mara nyingi alipanda kwa woga, akidhani ofisi ni ya jeshi. Lakini vitabu vyetu vilivuka mipaka. Wakenya walivisoma, wafanyabiashara waliviweka juu ya mizigo yao, na Wakongo wa mtaa wetu wa Kisugu walivisoma mpaka majalada yakadondoka. Msomaji wa namna hiyo humdanganyi. Ukimwandikia soko analolijua ukakosea, anarudi na kitabu mkononi kukuuliza.

Kazi ilikuwa na taratibu zake. Kwanza kulikuwa na kikao, yaani muda wa kukaa mahali bila kuandika neno, mpaka wenyeji wachoke kukutazama. Baada ya kikao ndipo lilipofunguliwa daftari la pua, ambalo ndani yake hakikuingia kitu isipokuwa harufu, na kila harufu ilitakiwa itajwe kwa kitu kinachoitoa. "Tamu", "mbaya" na "kali" yalikatwa kwa wino mwekundu. Halafu kulikuwa na kufumba, yaani kufumba macho robo saa na kutaja kila sauti, ya karibu kwanza, ya mbali mwisho. Nimefumba macho kwenye machinjio na kwenye vyumba vya mahakama. Ofisini waliniita Mama Pua, nami nililipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nishani.

Utaratibu wa mwisho ndio uliotutofautisha na nyumba nyingine, nao tuliuita kusomea wenyeji. Kabla ya kitabu kwenda mtamboni, mtafiti alirudi mahali pale akawasomea wafanyakazi sura inayowahusu. Wakicheka pasipo na kichekesho, sura inarudi kwa mwandishi. Wakicheka mara ya pili, kitabu hakichapwi. Mhariri Mkuu aliisimamia sheria hiyo kama lindo, na hakumhurumia hata shemeji yake aliyekuwa mshairi.

Kwa miaka mingi sheria ile haikunigusa. Nilileta kutoka kwenye tanuri moja la mikate habari kwamba waokaji hawana malaika, yaani vinyweleo, mikononi, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, kwa sababu moto huwaunguza kila siku, na mwandishi akalifanya jambo hilo ndiyo alama ya kumtambua mwizi. Nilileta kutoka chumba cha kufulia cha hospitali habari ya mashuka yanayokauka yakawa magumu kama kadibodi. Nilisomea wenyeji mara nyingi nisizozihesabu, na wenyeji waliitikia kwa vichwa, wakauliza ni nani kati yao aliyetoa siri. Nilianza kuvimba kichwa. Ninaliandika jambo hili hapa kwa sababu mtu anayesimulia sifa zake peke yake hasimulii kazi.

Basi akaja Bahati.

Alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa kutoka Bukavu, anaishi Kisugu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza na kipulizio cha pumu katika mfuko wa shati. Wakati huo Afande alikuwa amekwisha kustaafu, na Mhariri Mkuu wetu mpya alikuwa mwanamke kijana aliyetoka chuo kikuu, tukimwita Madam. Bahati aliweka mezani kwake madaftari manne yaliyoandikwa kwa mkono. Riwaya yake ilimhusu mama mmoja aitwaye Mapendo, mfanyakazi wa kinu cha kusaga mahindi kwa miaka kumi na minane, na mwanawe mdogo aliyeogopa kusogea karibu naye. Sura ya mwisho haikuwamo.

"Iko wapi?" Madam aliuliza.

"Haiko. Sijaiandika kwa sababu sijui jibu."

Akatueleza, Madam na mimi. Mama yake mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kinu huko Bukavu. Yeye alikuwa mtoto wa pumu, na vumbi la unga lingeweza kumuua, kwa hiyo hakuwahi kuingia pale hata siku moja. Mama akirudi jioni, mweupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, mtoto huyu alilazimika kukaa mlangoni mpaka mama aoge. Na katika dakika zile, mama akiwa uani na yeye mlangoni, mama alimfokea.

"Alikuwaga mukali sana kwangu," Bahati alisema, na Kiswahili chake kikawa cha nyumbani kabisa. "Asubuhi anaenda, mangaribi anarudia, na mdomo ni mukali. Alikufa mimi niko na miaka kumi na mbili. Mama Pua, miye nataka kujua kama alinichukiaka juu ya ugonjwa yangu, ao ni kitu gani. Pale kwa mashine ndio kulikuwa maisha yake. Mutu aingie kule kwa ajili yangu."

Nimepewa maagizo mengi katika kazi hii, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Madam alipendekeza nitazame video. "Mama, kila mashine ya dunia iko kwenye simu," alisema, na hakusema kwa ubaya, alitaka kuniokolea safari. Nilimjibu kwamba simu haina pua. Alicheka, akaniruhusu niende kwenye kinu kimoja cha Kawempe siku tatu.

Kinu chenyewe kilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka, chenye mashine mbili: ya kukoboa, inayovua mahindi ganda lake na kutoa pumba, na ya kusaga, inayotoa unga wa posho, ndio ugali wetu. Mkuu wa pale alikuwa mwanamke mnene aliyefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Wote walimwita Nalongo, ambalo huku kwetu ndilo jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Nilifanya kikao changu kwenye gunia, nikatumia kila kitu nilichokijua. Niliandika mngurumo unaogonga kifua. Niliandika unga unaowasha pua na kukaa kwenye kope, joto la unga unapotoka mdomoni mwa mashine, harufu ya mpira wa mkanda unaoteleza, harufu ya pumba zilizolowa. Siku ya tatu nilitoka na daftari lililojaa, na Bahati alilisoma mbele yangu akiwa ameweka mkono juu ya kila ukurasa kana kwamba unaweza kupeperuka. Aliandika upya sura ya pili kwa wiki mbili.

Tukaenda kusomea wenyeji. Bahati hakuweza kuingia, alisubiri upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda cha muuza chapati. Mashine zilizimwa kwa chakula cha mchana. Nilisimama katikati ya wafanyakazi watano, nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti ya fahari jinsi Mapendo alivyoingia kinuni asubuhi, mngurumo ukamgonga kifuani, unga ukamwasha pua, akapiga chafya mara tatu na kuvuta harufu ya mahindi yenye joto.

Nalongo aliinua uso kutoka kwenye sahani yake.

"Huyu mama ameanza leo?"

"Hapana, Nalongo. Ana miaka kumi na nane kazini."

"Banange! Miaka kumi na nane na bado yeye napiga chafya? Basi iko mgonjwa. Peleka yeye hospitali!"

Walicheka wote. Kijana wa mizigo alipiga chafya ya uongo, wakacheka tena, na mmoja akamwaga maharage yake. Nilikunja karatasi. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya, kwa sababu mtu wa kazi nyingine hapeleki pua yake mahali ili aivalishe mtu mwingine. Nilikuwa nimemkabidhi Mapendo pua yangu na masikio yangu, ya mwanamke aliyeingia kinuni Jumatatu na kutoka Jumatano. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kweli ya mgeni.

Nilivuka barabara kumwambia Bahati. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa imebakia mara moja?"

"Imebaki mara moja."

Alivuta kipulizio chake mara mbili, akaniomba tuondoke pale kwa sababu upepo ulianza kuleta vumbi. Nilitembea naye nikiwa na hasira, na hasira yote ilikuwa yangu juu yangu. Wakicheka tena, mtu huyu hatapata kitabu, na, jambo lililoniuma zaidi, hatapata jibu alilolitafuta tangu utotoni.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kwa Nalongo nikamwomba kazi. Alidhani namtania.

"Wewe mzee, nyabo. Mgongo yako itavunjika."

"Nipe ufagio na sindano ya magunia. Mgongo ni wangu."

Madam aliponiuliza nitachukua siku ngapi nilimwambia sijui. Alitazama dirishani, halafu akasema, "Nenda, Mama. Lakini hii ikishindikana, hata mimi sitaweza kuivunja ile sheria." Nilimheshimu kwa maneno hayo. Afande angesema vivyo hivyo, kwa kelele zaidi.

Nilifagia na kushona midomo ya magunia kwa wiki tano. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma mpaka kwenye meno. Wiki ya pili niliacha kupiga chafya, nami sikugundua ni siku gani. Nilijifunza kwamba ndani ya kinu hakuna anayeita jina la mtu. Wanaongea kwa midomo na mikono, na mtu akikupa mgongo ni sawa na amekufungia mlango. Nilijifunza kupima unga kwa kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwamba ukitoka na joto kupita kiasi, chekeche ya mashine imeziba. Mambo hayo Nalongo aliyajua bila kuyatazama.

Katikati ya wiki ya nne, nikiwa nashona, nilishtuka nikageuza kichwa kuelekea mashine. Na wote watano walikuwa wamegeuka, kwa wakati mmoja nami. Mahindi yalikuwa yamekwisha kwenye mdomo wa juu, mashine inasaga hewa, na sauti yake imekuwa nyembamba. Kijana wa mizigo alikimbia na debe. Sauti ikanenepa, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake, nami nikabaki na sindano hewani, kwa sababu nilitambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeusikia mngurumo wowote. Mashine ilikuwa imenyamaza ndani ya kichwa changu. Nilikuwa naisikia pale tu inapokosea.

Nilifurahi sana, jamani. Nilicheka peke yangu, na Nalongo akanionyesha kwa mikono kwamba nimerukwa na akili. Nilidhani nimekwisha kupata nilichotumwa.

Siku chache baadaye, nilikuwa nyumbani kwangu jioni na binti yangu Lakot, aliyekuwa anaishi nami akisomea uuguzi. Nilimuuliza kama maji yamechemka. Aliweka sufuria chini, akanigeukia, machozi yanamlengalenga.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Nani amesema umenikosea?"

"Unanifokea tangu wiki iliyopita. Kila neno. Hata jirani ameniuliza kama nimekuibia kitu."

Sikuwa nimemfokea. Kwa masikio yangu nilikuwa naongea naye kama siku zote. Nilimtaka arudie, naye akarudia, na ndipo nilipoona kwamba namtazama midomo kwa sababu sauti yake ilinifikia kwa shida. Nilikaa kwenye kiti. Nilimvuta mwanangu nikamshika mikono, na kitu cha kwanza nilichokifikiria, Mungu anisamehe, hakikuwa Lakot bali kile kijitoto cha Bukavu kilichokaa mlangoni.

Kesho yake nilisubiri saa ya chakula, mashine zimezimwa, nikamwendea Nalongo karibu na uso na kumuuliza anaongeaje na watoto wake nyumbani.

"Kwa kelele tu!" alisema, na hata jibu lenyewe alilitoa kwa kelele. "Sikio inabaki huku kinu. Mimi nafika nyumba, nasema polepole, na watoto nakimbia! Wakiwa wadogo walilia kila siku. Hata kama nataka kusema mimi napenda wewe, mimi nasema kama nakamata mwizi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto mkubwa yangu alifikiri mimi nachukia yeye. Mpaka aliingia hapa kufanya kazi, ndio alijua."

Niliandika maneno hayo mbele yake, neno kwa neno.

Nilimkuta Bahati kwenye cherehani yake huko Kisugu, anashona sare za shule. Nilianza na mambo ya kazi: habari ya mashine isiyosikika, midomo na mikono, unga wa joto. Aliendelea kukanyaga. Ndipo nikamweleza habari ya Lakot, na maneno ya Nalongo kama alivyoyasema. Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Na kama mutoto anajibu polepole, na sauti kidogo?" aliuliza.

"Hamsikii."

"Miye nilikuwaka najibu polepole. Juu ya woga." Alitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. "Alikuwaga anauliza, 'Umekula?' Anauliza tena, 'Umekula? Umekula?' Kila mara kwa nguvu zaidi. Najibu, anauliza tena. Nilifikiri ananigombeza juu ya kula chakula ya bure, mutoto wa ugonjwa. Mama Pua, uko na hakika?"

Hapo ningeweza kumpa uongo mtamu, na angeupokea. "Sina hakika na mama yako," nilimwambia. "Sikumjua. Nina hakika na kinu."

Aliinamisha kichwa juu ya cherehani akalia, mtu mzima, mchana kweupe, wapita njia wanaona. Nililia naye. Mteja aliyekuja kuchukua suruali aligeuka akaenda zake.

Usomaji wa pili nilimaliza kurasa nne kabla mtu hajatikisika. Katika sura mpya Mapendo hasikii kitu asubuhi nzima. Anaongea kwa mikono, anasugua unga kati ya vidole, na anageuza kichwa mara moja tu, mashine inapoanza kusaga hewa. Nilipofika hapo kijana wa mizigo alitazama mdomo wa juu wa mashine iliyozimwa, kuhakikisha. Hakuna aliyecheka. Nalongo, aliyekuwa amekaa na goti lake karibu liguse langu ili aone midomo yangu, aliuliza swali moja.

"Huyu mama alifanyia kinu gani? Mimi najua vinu yote ya Kawempe."

Nilipokea sifa nyingi maishani, na nyingine ziliandikwa kwenye karatasi zenye mhuri. Swali hilo ndilo ninalojivunia kuliko zote.

Kitabu kilichapwa. Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa baada yake, na kila mtafiti kijana aliyeletwa kwangu nilimfundisha vivyo hivyo: yale unayoyanusa siku mbili za kwanza yaandike, kisha yaweke kwenye daftari la wageni, kwa sababu ni mali ya mhusika anayeingia pale mara ya kwanza. Halafu kaa mpaka pua yako ife. Utakachobaki nacho ndicho cha mwenyeji. Wengine walinielewa, wengine walirudi kwenye simu zao. Siwalaumu sana, simu haiumizi mgongo. Masikio yangu yalirudi baada ya miezi miwili, na Lakot alinisamehe kabla ya hapo, ingawa hadi leo nikiinua sauti ananiuliza kama nimetoka Kawempe.

Siku ya kuniaga ilifuata desturi ya nyumba yetu: mstaafu anachagua ukurasa mmoja kati ya vitabu vyote alivyovihudumia, na mwandishi wake anausoma mbele ya watu. Nilichagua sura ya mwisho ya Bahati, ile aliyoiandika baada ya siku ya cherehani. Ukumbini kulikuwa na chai, sambusa na hotuba nyingi. Madam alisema maneno yaliyonifanya nitazame viatu vyangu. Nilikuwa nimemwalika Nalongo, akaja amevaa gomesi yake ya manjano, vazi la heshima la akina mama wa huku. Alikaa kiti cha nyuma kabisa na muda wote alikuwa anakula kwa utulivu. Hotuba zote zilimpita, kwa kuwa kutoka kule nyuma hakuweza kuona midomo ya mtu, na masikio yake sasa yalisikia kelele kubwa tu.

Bahati alisimama. Alisoma kwa sauti yake ndogo ya siku zote jinsi Mapendo alivyorudi jioni, mweupe tangu nyusi, akasimama uani na kumuuliza mwanawe kama amekula, akauliza tena, akauliza tena. Alisoma jinsi mtoto pale mlangoni alivyovuta pumzi yote aliyokuwa nayo. Kisha akashusha kitabu. Hakusoma neno lililofuata, alilipaza kwa kifua kizima, fundi yule mpole mwenye pumu, mpaka vikombe vikagongana mikononi mwa watu.

"Mama!"

Ukumbi mzima ulishtuka. Na kule nyuma Nalongo, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja tangu aingie, aliinua kichwa, akaweka sambusa yake kwenye sahani, akainuka kwenye kiti na kuitika:

"Eeh! Niko hapa! Umekula?"